Stima, Petroli na Soketi ya Mwenye Nyumba

Kuna maneno mawili ya kawi ambayo Mkenya huyatamka kila siku bila kuyafikiria: stima na debe.

Stima tuliitoa kwa Waingereza, na kwao lilikuwa neno la mvuke. Kwanza tuliita hivyo meli zilizokuja pwani zikitoa moshi, kisha neno likahamia kwenye waya na taa. Jirani zetu Watanzania walichagua umeme, neno la radi na mawingu. Sisi tukabaki na mvuke.

Debe nalo lilikuja na mafuta. Kabla ya matangi na pampu kuenea, petroli na mafuta ya taa yaliletwa Afrika Mashariki ndani ya mikebe ya bati ya galoni nne, karibu lita 18, miwili miwili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, mkebe ukapewa kazi nyingine. Ukateka maji, ukapima mahindi, ukapasuliwa na kunyooshwa kuwa ukuta wa nyumba. Hadi leo sokoni mahindi yanauzwa kwa debe, na anayeyapima hana habari kuwa anashika kipimo cha wauza mafuta wa zamani.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu yanabeba tofauti ambayo mjadala wa magari ya stima huiruka. Petroli ilikuja ndani ya chombo ambacho mtu yeyote angeweza kukibeba hadi popote. Stima ilikuja kwa waya, na waya haufiki kwako mpaka mtu fulani aamue ufike. Ukiulizwa leo kama ni rahisi kuchaji gari nyumbani kuliko kununua petroli, jibu la pesa ni jepesi. Neno gumu katika swali hilo ni "nyumbani".

Hesabu kwanza

Tupige hesabu mapema ndiyo tusisumbuane baadaye.

Chukua gari la kawaida la Nairobi, Fielder au Demio ya injini ya 1500. Katika misongamano yetu, tuseme linakupa kilomita 12 kwa lita. Petroli ikiwa shilingi 180, kilomita moja inakula bob 15. Ukiendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, umeacha ngiri 15 kwenye sheli.

Sasa chukua gari dogo la stima, mfano Nissan Leaf ya mtumba. Ukihesabu na kawi inayopotea wakati wa kuchaji, yuniti moja ya stima inakusukuma kilomita 6 hivi. Bei ya yuniti kwa mtu wa nyumbani anayetumia nyingi, ukishajumlisha makato na VAT, huzunguka shilingi 30. Kilomita moja ni bob 5. Kilomita zile zile 1,000 zitakugharimu ngiri 5.

Tofauti ni shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Kama gari la stima limezidi bei ya lile la petroli kwa laki sita, unarudisha pesa yako kwa miaka mitano, kabla hata ya kuhesabu oili na filta ambazo hutanunua. Ukichaji kwenye kituo cha nje ambako yuniti inauzwa, tuseme, shilingi 60, kilomita inapanda hadi bob 10 na ile miaka mitano inakuwa kumi. Ndani ya miaka kumi, betri ya mtumba itakuwa imechoka.

Kwa hivyo faida yote imekaa mahali pamoja: soketi ya nyumbani. Mwenye soketi anaendesha kwa theluthi moja ya bei ya petroli. Asiye nayo analipa karibu kama kila mtu. Na jambo hili halikuanza na Leaf.

Marekani, 1900

Watu wengi hudhani gari la stima ni uvumbuzi wa juzi. Katika mwaka wa 1900, Marekani ilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,575 yalikuwa ya stima na 936 pekee yalikuwa ya petroli. Yaliyobaki, ambayo ndiyo yalikuwa mengi zaidi, yaliendeshwa kwa mvuke. Petroli ilikuwa ya tatu, tena kwa mbali.

Gari la petroli la wakati huo lilikuwa balaa. Ulilizungusha kwa kishikio cha chuma ili liwake, na kishikio kikirudi nyuma kingeweza kukuvunja mkono. Lilinuka, likapiga kelele, likatetemeka. La stima liliwaka kimya. Clara, mkewe Henry Ford, mtu yule yule aliyeijaza dunia magari ya petroli, aliendesha Detroit Electric.

Nani waliyanunua magari hayo? Matajiri wa mijini. Ilibidi uwe na nyumba yenye stima, banda la kuwekea gari, na mashine ya kugeuza mkondo wa stima uwe ule ambao betri inaukubali. General Electric waliuza mashine hizo kwa wenye nyumba. Ukiwa na hivyo vyote, uliegesha jioni, ukachomeka, ukalala.

Walioshamba hawakuwa na waya. Hata katikati ya miaka ya 1930, ni kama shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa na stima. Lakini duka la kijijini lilikuwa na mkebe wa petroli, maana petroli haikungoja waya. Januari 1901 kisima cha Spindletop kule Texas kililipuka mafuta, na Marekani ikawa na mafuta mengi ya bei ya chini. Mwaka wa 1908 Ford akatoa Model T kwa dola 850. Mwaka wa 1912 Cadillac ikaja na starta ya stima iliyobuniwa na Charles Kettering, na kile kishikio cha kuvunja mikono kikaanza kusahaulika. Yaani stima ndogo ndani ya gari la petroli ndiyo iliyosaidia kuliua gari la stima. Mwaka huo huo gari la petroli lilipatikana kwa dola 650, huku la stima likiuzwa dola 1,750.

Kwa kawaida hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa injini bora. Naisoma vingine. Gari la stima lilifanya kazi vizuri pale waya ulipokuwa, na waya ulikuwa kwa watu wachache. Petroli ilishinda kwa kuwafikia waliobaki.

Kuna mtu mwingine wa enzi hiyo anayetuhusu. Samuel Insull alikuwa mkuu wa kampuni ya stima mjini Chicago. Shida yake ilikuwa kwamba watu huwasha taa kwa pamoja jioni, kisha usiku wa manane mitambo inakaa bure, na mtambo uliokaa bure unalipiwa mkopo sawa na unaofanya kazi. Mwaka wa 1894 alikuta Brighton, Uingereza, mita iliyobuniwa na Arthur Wright, iliyoonyesha mteja ametumia kiasi gani na pia alivuta kwa nguvu kiasi gani kwa mara moja. Kutokana na hapo Insull akajenga biashara ya kushusha bei kwa wateja wanaotumia stima wakati wengine hawaitaki. Kumbuka jina hilo, tutarudi kwake tukifika Olkaria.

Waya ulivyofika Nairobi

Kenya Power husimulia historia yake kuanzia kwa Sultani Barghash wa Zanzibar na jenereta aliyoinunua kuangazia jumba lake. Kwa masimulizi hayo, mwaka wa 1908 jenereta hiyo ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ikaingizwa katika kampuni ya stima ya mji huo. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya pekee ya kuiuzia Nairobi stima. Mwaka wa 1922 kampuni za miji hiyo miwili zikaungana kuwa East African Power and Lighting Company. Jina la Kenya Power and Lighting lilikuja baadaye sana, 1983.

Haki ya pekee. Tangu mwanzo, stima ya Nairobi ilikuwa ya muuzaji mmoja aliyechagua waya uelekee wapi, na kampuni yoyote ya biashara huupeleka waya palipo na pesa. Katika mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi, pesa ilikaa Parklands na Muthaiga, sio Pumwani. Waafrika walihesabiwa kama wageni wa mjini, watu wa kukaa kwa muda wa kazi na kurudi kijijini. Mgeni hafungiwi mita.

Petroli haikuwa na ubaguzi wa aina hiyo, au tuseme ulikuwa wa mfuko tu. Ndiyo sababu matatu za kwanza, mtambo wa kusaga unga kijijini, jenereta ya duka na pikipiki ya leo, vyote vimekimbia kwa mafuta. Mwafrika aliyetaka kufanya biashara na hakuwa na waya alinunua lita. Ukiangalia vizuri, uchumi wa Kenya tunaouita jua kali ulijengwa na watu walioweza kubeba kawi kwenye mkebe.

Uhuru ulileta mabwawa. Hata kabla yake, mwaka wa 1954, Kenya Power Company iliundwa ili kujenga laini ya kutoka Tororo hadi Nairobi, kubeba stima ya Owen Falls, bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka huo huo. Kisha likaja Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, yote kwenye Mto Tana. Stima ikawa nyingi, ila nyaya zilipita juu ya nyumba nyingi bila kushuka. Watu wameishi chini ya laini kubwa miaka na miaka huku wakiwasha koroboi.

Mambo yalikuja kubadilika kwa kasi juzi tu. Mwaka wa 2015, mradi wa Last Mile ulipoanza, ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Sensa ya 2019 ikapata kuwa asilimia 50.4 ya nyumba za Kenya zinatumia stima ya gridi kwa taa. Miaka 111 baada ya Hirtzel kupewa haki yake, ndiyo tumepita nusu. Na "kwa taa" hapo ina maana yake. Wateja wengi wa nyumbani hawafikishi yuniti 30 kwa mwezi. Gari dogo la stima likijazwa mara moja, betri ya yuniti 40, limekula usiku mmoja zaidi ya kile ambacho nyumba hizo hutumia mwezi mzima.

Tarehe 14

Upande wa mafuta una historia yake, na wewe umeiishi hata kama hukuisoma.

Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilizouza mafuta ziliwakatia Marekani na marafiki wa Israeli. Ndani ya miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12. Kenya haikuwa na ugomvi na mtu, na bado ililipa. Tulikuwa na mtambo wa kusafisha mafuta Changamwe tangu miaka ya 1960, na kufikia 1978 tulikuwa na bomba la kuyaleta Nairobi. Mafuta ghafi yenyewe hatukuwa nayo. Ukimiliki sufuria na jiko bila unga, bei ya ugali anaipanga mwenye unga.

Kwa miaka mingi serikali ilipanga bei ya pampu. Oktoba 1994, wakati wa kufungua masoko, ikaachilia, na kila kampuni ikajipangia. Desemba 2010, baada ya manung'uniko ya miaka, serikali ikarudi na fomyula ya bei ya juu kabisa. Tangu hapo tarehe 14 ya kila mwezi imekuwa siku ya presha. Jioni hiyo wenye magari hupanga foleni kujaza kabla ya saa sita usiku, maana kesho ni bei mpya.

Mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013. Tangu hapo tunanunua yaliyokwisha safishwa, mengi kutoka Ghuba. Mwaka wa 2023 serikali iliingia mkataba na kampuni za Saudi Arabia na Muungano wa Milki za Kiarabu ili tuyapate kwa mkopo wa siku 180, kwa sababu dola zilikuwa haba nchini. Julai mwaka huo VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba, lita moja ya petroli Nairobi ikafika shilingi 217.36. Lile gari letu la kilomita 12 kwa lita likawa linakula bob 18 kwa kilomita.

Mwezi kama huo ndio uliowafanya wasee wengi kuanza kuulizia bei ya Leaf. Lakini usidhani stima imekaa mbali na tarehe 14. Mvua zinapokosa, mabwawa ya Tana hushuka. Mwaka wa 2000 ukame ulileta mgao mkali wa stima nchini, na dawa iliyotumika miaka iliyofuata ilikuwa mitambo ya dizeli. Bili yako ina kato la gharama ya mafuta kwa ajili ya mitambo hiyo, na kato jingine la kupanda na kushuka kwa shilingi dhidi ya dola. Ukichomeka gari nyumbani umelikimbia pipa kwa sehemu kubwa, ila bado linakufuata kwa mbali likiwa ndani ya tokeni.

Mvuke wa usiku

Sasa turudi kwa Insull.

Mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha stima kwa mvuke wa ardhini karibu na Naivasha. Leo mvuke wa Bonde la Ufa ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha stima ya Kenya, karibu nusu ya yote tunayozalisha. Neno tuliloliokota kwenye meli limetimia: stima yetu kweli ni mvuke.

Mvuke wa ardhini una tabia yake. Hauzimwi kama jenereta. Visima hupumua saa 24. Lakini sisi hatutumii stima saa 24. Saa moja jioni kila mtu amewasha taa, TV na kettle, na gridi inahema. Saa nane usiku tumelala, mahitaji yameshuka sana, na KenGen hulazimika kuachilia mvuke mwingine upotee hewani kwa kukosa mnunuzi. Hiyo ndiyo shida iliyomkosesha Insull usingizi kule Chicago, mitambo iliyolipiwa ikikaa bure gizani.

Jibu la Kenya limefanana na lake. Aprili 2023, EPRA ilipopitisha bei mpya za stima, iliweka kwa mara ya kwanza bei ya pekee ya magari ya stima: shilingi 16 kwa yuniti mchana, na shilingi 8 usiku, kabla ya makato na kodi. Hata kama makato yatageuza hiyo 8 kuwa 16, kilomita moja inashuka chini ya bob 3. Petroli ya leo haiikaribii bei hiyo.

Lakini soma masharti. Bei hiyo inahitaji mita yake, mbali na ile ya nyumba. Unahitaji mahali pa kuifunga mita hiyo, na mwenye ukuta akubali. Bila mita hiyo unalipa bei ya kawaida ya nyumbani, na hapo kuna mtego mwingine. Katika mabadiliko yale yale ya 2023, bei ya chini ya wateja wadogo, iliyokuwa ya hadi yuniti 100 kwa mwezi, ilibakishwa kwa wasiozidi yuniti 30. Nyumba ya yuniti 30 ikiongezewa gari la yuniti 167 kwa mwezi inahamia daraja la juu kabisa. Friji na taa za familia nazo zinaanza kulipiwa bei ya juu, kwa sababu gari limelala uani.

Keja haina soketi

Tumefika kwa neno nililoliita gumu.

Wakazi wengi mno wa Nairobi ni wapangaji. Fikiria jengo la orofa nane kule Pipeline, au ghorofa mpya ya Roysambu. Gari lako, kama unalo, linalala kwenye uga wa chini, au barabarani ukimlipa mlinzi kidogo kwa mwezi. Mita yako iko juu, orofa ya tano. Mara nyingine sio mita ya Kenya Power. Ni mita ndogo ya mwenye nyumba, ambaye ananunua kwa mita kubwa moja na kukuuzia yuniti kwa bei yake. Utashusha waya kutoka dirishani? Hata akikubali, waya za jengo zilipimwa kwa taa, pasi na kettle. Magari kumi yakivuta kilowati mbili na nusu kila moja usiku kucha ni mzigo ambao transfoma ya mtaa haikuandaliwa kubeba.

Mtu wa Runda au Kitengela mwenye geti lake hana shida hiyo. Soketi ya kawaida ya ukutani ikimpa kilowati mbili na nusu, saa nane za usiku zinampa yuniti 20, karibu kilomita 120. Safari ya kutoka Rongai hadi katikati ya jiji na kurudi ni kilomita 40 hivi. Hahitaji kituo, hahitaji tarehe 14. Anahitaji hati ya shamba.

Hapa ndipo naiona Marekani ya 1912 ikirudi. Kawi nafuu kwa mwenye banda, kawi ghali kwa mpangaji. Tofauti ni kwamba safari hii petroli haiwezi kuwa mkombozi wa mpangaji kama ilivyokuwa kwa mkulima wa Texas, kwa sababu bei yake haiko mikononi mwetu na imebebeshwa kodi. Katika lita ya shilingi 180, zaidi ya 70 ni kodi na tozo.

Kuna waliojaribu kuivusha faida ya soketi hadi kwa wasio na geti. Mwaka wa 2018 NopeaRide, teksi za Leaf zilizoletwa na kampuni ya Ufini, zilianza kazi Nairobi zikichaji kwenye vituo vya kampuni yenyewe. Dereva hakuhitaji soketi yake. Mwishoni mwa 2022 zikafungwa baada ya kampuni mama kuishiwa. Mabasi ya BasiGo yalipoingia barabarani 2022 yalichukua njia ya maziwa ya Uingereza. Kule, kwa miongo mingi, magari madogo ya stima yaligawa maziwa mlango kwa mlango wakati kila gari jingine lilitumia petroli au dizeli, kwa sababu yalikuwa na njia fupi inayojulikana na yalirudi kulala kwenye yadi moja yenye chaja. Matatu nayo ina njia yake na mahali pake pa kulala.

Debe la betri

Jibu linalonivutia zaidi liko kwa watu wa boda.

Mwendesha pikipiki ya stima wa Nairobi hachaji nyumbani. Anaingia kituo cha kampuni kama Spiro, au Ampersand iliyoanzia Kigali, anatoa betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, analipa, anaondoka. Dakika chache tu. Haulizwi kama ana keja ya kupanga au shamba la baba yake. Kama angemiliki betri, angeihitaji soketi. Kwa kuwa haimiliki, anainunua kawi kama alivyonunua petroli, kwa kipimo, mahali popote kituo kilipo.

Wazo hili pia lina umri. Kuanzia miaka ya 1910, kampuni ya stima ya Hartford, Marekani, iliwabadilishia wenye malori betri. Mtu alinunua lori bila betri, akalipa ada ya mwezi na kiasi kwa kila maili. Huduma hiyo ilidumu hadi 1924, malori hayo yakiwa yamekwenda mamilioni ya maili. Ilikufa pamoja na malori yenyewe petroli ilipoteka soko.

Kwetu sababu ya kuifufua iko wazi. Betri ya kubadilisha ni debe. Imerudisha stima kwenye chombo kinachobebeka, na ghafla asiye na waya anahesabika. Ila debe hili lina kamba. Mkebe wa petroli wa kampuni yoyote uliingia kwenye gari lolote. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, na anayepanga bei ya kubadilisha ni yule aliyekuuzia pikipiki. Tulianza 1908 na haki ya pekee ya muuzaji mmoja. Tusipoweka kanuni ya betri zinazoingiliana, boda wa Kayole ataondoka kwa wenye mafuta aingie kwa mwenye kituo.

Nani ataijenga barabara

Limebaki swali ambalo wenye magari ya stima hawapendi kuulizwa. Tangu sheria ya 1993, matengenezo ya barabara Kenya hulipiwa na tozo iliyo ndani ya kila lita. Julai 2024 tozo hiyo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Lile gari letu la petroli, likichoma lita 83 kwa mwezi, linachangia barabara zaidi ya shilingi 2,000. Leaf ya jirani inapita lami ile ile bila kuchangia hata bob kwa njia hiyo.

Kwa sasa magari ya stima ni machache, hakuna anayeumia. Yakiongezeka, pengo litajazwa na mtu, na kama mambo yataachwa yajiendee litajazwa na wanaobaki kwenye petroli: mwenye Vitz ya mwaka wa kale, mama mboga anayelipa nauli ya matatu kuukuu, mpangaji wa orofa ya tano. Watailipia barabara na pia watanunua kawi ghali. Serikali lazima itaigusa stima ya magari siku moja, na itakuwa haki. Kilomita ya bob 5 ikiongezewa bob 2 ya barabara bado ni chini ya nusu ya ile ya petroli.

Machi 2024 rasimu ya sera ya taifa ya usafiri wa stima ilitolewa. Rasimu kama hizo hupenda kuzungumzia viwanda, kodi na hewa safi, na ni mambo ya maana. Mimi ningeipima kwa kitu kidogo zaidi. Je, jengo jipya la kupangisha litalazimika kuwa na soketi zenye mita kwenye uga wake? Je, mpangaji ataweza kuomba mita ya shilingi 8 bila kumpigia mwenye nyumba magoti? Je, mlingoti wa taa wa Jogoo Road unaweza kuwa na chaja pembeni, uuze mvuke wa Olkaria saa nane usiku badala ya kuuachilia upotee hewani?

Hizo ni kazi za fundi na karani, na zinawezekana kwa teknolojia iliyopo. Hesabu ya kilomita tayari imekwisha amuliwa, bob 5 dhidi ya 15. Kinachosubiri ni waya, na kwa miaka zaidi ya mia moja waya wa nchi hii umefika kwanza kwa mwenye geti. Ploti zinazojengwa mwaka huu zitasimama miaka hamsini. Fundi wa stima anazifunga sasa hivi, na anafunga kile alichoambiwa na mwenye nyumba.